Gundi Kidogo, Subira Nyingi

Mwaka 1957 nchini Poland lilianza kuchapishwa jarida la Mały Modelarz, ambalo kurasa zake hukatwa na kuunganishwa zikawa ndege au meli. Kinachomshinda anayeanza kazi hiyo si mkasi, bali gundi. Gundi nyeupe ina maji. Ikizidi, karatasi hulowa, hutanuka na kujikunja, na ubavu wa meli haunyooki tena. Kwa hiyo mstari wa kukunjia hupitishiwa kwanza ncha butu, vipande hujaribiwa vikiwa vikavu, kisha ukingo wa kuunganishia hupakwa gundi kidogo kwa kijiti cha meno. Kiungo hubanwa kwa vidole mpaka kishike, ndipo kifuatwe kingine. Gundi ikishakauka, kubandua ni kuchana.