KANISA LA ČERNOVÁ
Hotuba kwa Wakristu na Walimu siku za Yubilei



Siku hizi za Yubilei twayahesabu makanisa yetu na kuikumbuka mikono iliyobeba mawe na maji. Ni vema. Lakini tukitaka kufahamu kanisa ni kitu gani kwa watu waliolijenga, na tufikirie pia kijiji kimoja kidogo cha mbali, jina lake Černová, katika nchi ya Slovakia, Ulaya ya kati.

Černová kiko katika bonde la mto Váh, karibu na mji wa Ružomberok, na siku hizi ni sehemu ya mji huo. Mwanzoni mwa karne ya 20 hapakuwa na dola ya Slovakia. Waslovakia walikuwa raia wa Ufalme wa Hungaria, chini ya Mfalme Franz Joseph. Watu wa Černová walikuwa Wakatoliki. Misa waliisikia kwa Kilatini, kama Wakatoliki wengi wa zamani zile. Bali sala za nyumbani, nyimbo na mahubiri yalikuwa kwa lugha ya mama zao.

Serikali ilitaka Kihungaria kishike mahali pote. Mwaka 1907 ikatolewa sheria ya shule, ijulikanayo kwa jina la Waziri Apponyi. Watoto wa lugha nyingine walipaswa, mwisho wa mwaka wa nne, waweze kunena na kuandika mawazo yao kwa Kihungaria. Na mwalimu asiyetimiza hayo aliweza kupatilizwa. Ninyi walimu mwajua uzito wa jambo hili: mtoto anayekatazwa lugha yake hufundishwa pia kumwonea haya mama yake.

Mwana wa kijiji hicho, Padre Andrej Hlinka, aliyezaliwa mwaka 1864, alikuwa paroko wa Ružomberok tangu mwaka 1905. Kwa kuwa alitetea haki za Waslovakia katika siasa, mwaka 1906 Askofu wake, Sándor Párvy, alimzuilia kazi ya upadre, na mahakama ikamhukumu kifungo.

Hata hivyo wanakijiji walichanga fedha, na kwa msaada wa Hlinka wakaanza kujenga kanisa lao mwaka 1907. Kabla ya mwaka kwisha lilikuwa tayari. Wakamwomba Askofu jambo moja: Hlinka, mtoto wao, alitabaruku, au, ikiwa haiwezekani, siku ingojewe hata shauri lake liishe. Askofu akakataa, akaagiza mapadre wengine.

Siku ya Jumapili, tarehe 27 Oktoba 1907, mapadre wale walifika kwa magari ya farasi, pamoja na askari wa serikali. Hlinka hakuwapo. Watu wakaziba njia, wakawataka warudi. Askari wakapiga bunduki katika kundi la watu. Watu 15 walikufa, na wengine wengi walijeruhiwa. Waliotoka kwenda kuilinda furaha ya kanisa lao walirudishwa nyumbani wamebebwa.

Mwaka 1908 walioshtakiwa walikuwa wanakijiji, na wengi wao walifungwa; askari hawakuhukumiwa. Lakini habari zilienea. Mwandishi wa Norwe, Bjørnstjerne Bjørnson, na Mwingereza R. W. Seton-Watson, waliziandika, na mataifa yakafahamu mambo ya Waslovakia. Mwaka 1909 Hlinka aliondolewa kizuizi chake. Naye alipokuwa gerezani Szeged alitumia siku zake kufasiri sehemu za Agano la Kale kwa Kislovakia. Mwaka 1918 Ufalme ule ulivunjika, na Waslovakia wakaingia katika dola mpya ya Chekoslovakia.

Ndugu, haifai tuishie hapo kana kwamba mwenye kuonewa hubaki mwema siku zote. Hlinka alikufa mwaka 1938. Baada yake chama chake kilitawala Slovakia, mkuu wake akiwa padre, Jozef Tiso. Na mwaka 1942 serikali hiyo ilitoa Wayahudi zaidi ya 50,000 mikononi mwa Wajerumani, wengi sana wakauawa. Watu waliokuwa wamelia kwa ajili ya lugha yao na kanisa lao walikuwa na jirani pia, na jirani huyo hawakumlinda. Aliyeonja uchungu ana deni la kumkinga mwenziwe.

Basi twajifunza mambo matatu. Wakubwa wa kanisa, wasikieni watu kabla ya kuagiza. Maana ombi la kungoja siku chache si uasi. Walimu, heshimuni lugha anayokuja nayo mtoto. Nasi sote, tunaposhangilia kuta tulizojenga, tuulize ni nani ambaye mlango wetu umefungwa mbele yake.

Mungu awarehemu wafu wa Černová, awape raha ya milele, naye atujalie sisi amani katika nyumba yake.