Aljebra Katika Kazi ya Chama cha Ushirika
(Mazungumzo mbele ya makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Singida)



Nimeombwa nizungumze juu ya elimu ya hesabu kwa watu wazima. Nimeona ni afadhali nichague sehemu moja tu ya elimu hiyo, nayo ni aljebra, kwa kuwa ndiyo inayoogopwa zaidi, na ndipo watu wazima wengi wanaorudi masomoni hukata tamaa. Shabaha yangu ni kuonyesha kwamba somo hilo si mali ya wanafunzi wa sekondari peke yao. Ni chombo cha kazi cha chama, kama ilivyo mizani na kitabu cha stakabadhi. Na chama kisicho na watu wanaokijua chombo hicho hakina budi kupokea hesabu za wengine bila kuzipima.

Jambo hili si geni katika historia ya ushirika wetu. Mwaka 1966 Serikali iliunda Kamati Maalumu ya Uchunguzi kuhusu vyama vya ushirika na bodi za mazao. Kamati hiyo iliona, pamoja na kasoro nyingine, kuwa wanachama wengi hawakuelewa vya kutosha uendeshaji wa vyama vyao, na kuwa watumishi wenye ujuzi walikuwa haba. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, na sheria ya 1982 ikavirudisha. Sheria nyingine zimefuata, ikiwamo ile Na. 6 ya 2013. Lakini kutojua hesabu hakuondolewi na sheria. Huondolewa na mafunzo.

Aljebra ni nini

Jina la somo hili limetoka katika neno la Kiarabu al-jabr, lenye maana ya kurudisha kilichovunjika mahali pake, kama aungavyo mfupa mganga wa viungo. Limo katika jina la kitabu alichokiandika Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi mjini Baghdad, mnamo mwaka 820. Mwanachuoni huyo alisema wazi kuwa alikusudia kuwasaidia watu katika kugawa mirathi, kufanya biashara na kupima ardhi. Basi tangu mwanzo aljebra ilikuwa elimu ya watu wenye mali ya kugawana kwa haki, nasi wanaushirika tumo katika watu hao.

Kanuni yake kubwa ni ile ya mizani yenye sahani mbili. Ukiongeza kitu upande huu, huna budi kuongeza vivyo hivyo upande wa pili, ama sivyo mizani italala. Kile usichokijua unakipa jina la muda, mathalani herufi x, kisha unaondoa vitu pande zote mbili kwa usawa mpaka x ibaki peke yake. Mlinganyo ni mizani ya namna hiyo iliyoandikwa katika karatasi.

Nitatoa mifano mitatu. Tarakimu zake ni za mfano tu, si za chama chochote.

Mfano wa ushuru

Chama cha wakulima wa alizeti kina gharama za msimu zisizobadilika: pango la ghala, mlinzi, vitabu na ukaguzi. Jumla yake ni shilingi 3,600,000. Zaidi ya hizo, kila kilo inayopokelewa inagharimu shilingi 15 za magunia na upakiaji. Ushuru wa chama ni shilingi 40 kwa kilo. Je, chama kikusanye kilo ngapi ili kisipate hasara?

Tuseme kilo hizo ni x. Mapato ni 40x. Matumizi ni 3,600,000 na 15x. Tunaondoa 15x pande zote mbili, tunabaki na 25x sawa na 3,600,000; na x inakuwa kilo 144,000, yaani tani 144. Ikiwa wanachama ni 180, kila mmoja hana budi kuleta kilo 800 kwa wastani.

Sasa tuchukue kuwa msimu ulikuwa wa mvua chache, zikaja tani 100 tu. Chama kitapungukiwa na shilingi 1,100,000. Mjumbe mmoja atasimama mkutanoni aseme ushuru upandishwe. Upandishwe mpaka wapi? Tukiuita ushuru mpya u, basi u mara 100,000 lazima iwe 5,100,000, na jibu ni shilingi 51. Je, mwanachama atakubali kukatwa 51, au atauza alizeti yake kwa mlanguzi anayemfuata shambani? Na akienda kwa mlanguzi, tani zitapungua tena, na ushuru utatakiwa kupanda tena. Uamuzi huo ni wa mkutano mkuu, na hesabu haiwezi kuufanya badala yao. Lakini mkutano unaoamua ukiwa na tarakimu hizi mbele yake hauamui kama ule unaobishana gizani.

Mfano wa ghala

Chama kimeuza magunia 200 ya alizeti na dengu. Gunia la alizeti limeuzwa shilingi 60,000, na la dengu shilingi 150,000. Fedha zilizoingia benki ni shilingi 17,400,000. Kitabu cha ghala kinasema dengu ilikuwa magunia 64. Je, vitabu viwili hivi vinakubaliana?

Hapa vitu visivyojulikana ni viwili, kwa hiyo tunahitaji milinganyo miwili, mmoja wa magunia na mmoja wa fedha. Kama magunia yote 200 yangekuwa alizeti, tungepata 12,000,000. Zimezidi 5,400,000. Kila gunia la dengu linazidi lile la alizeti kwa 90,000. Gawanya, unapata magunia 60 ya dengu, na alizeti 140. Kitabu cha ghala kinasema 64. Kama ghala ni kweli, benki ingeingia 17,760,000, na shilingi 360,000 hazionekani.

Naomba tuelewane vizuri hapa. Hesabu hii haimtaji mwizi. Huenda mtunza ghala aliandika vibaya. Huenda magunia manne ya dengu yaliuzwa kwa bei ya alizeti. Huenda fedha zimepotea kweli. Aljebra inatuonyesha pa kutazama na kiasi cha kutafuta, kabla jina la mtu halijachafuliwa kwa uvumi na kabla mkaguzi hajafika. Na ikitokea jibu lisilo gunia zima, mathalani magunia 61 na kipande, hapo tunajua mara moja kuwa mojawapo ya maandishi si sahihi, kwa kuwa hatukuuza vipande vya magunia.

Mfano wa mkopo

Chama kinataka kukopa shilingi 6,000,000 kwa mwaka mmoja, na kurudisha 500,000 za mkopo kila mwezi pamoja na riba. Wakopeshaji wawili wanasema riba ni asilimia 12 kwa mwaka. Wa kwanza anaitoza juu ya mkopo wote mpaka mwisho: riba ni 720,000. Wa pili anatoza asilimia 1 kila mwezi juu ya deni lililobaki. Deni linaanza na 6,000,000, mwezi unaofuata 5,500,000, na kuendelea hadi 500,000. Kujumlisha namba kutoka 1 hadi 12 kuna kanuni yake: 12 mara 13, gawanya kwa 2, unapata 78. Basi jumla ya madeni ya miezi yote ni 500,000 mara 78, yaani 39,000,000, na asilimia 1 yake ni 390,000. Asilimia ni ile ile, lakini tofauti ni shilingi 330,000. Asiyejua kanuni atasikia "kumi na mbili" mara mbili na kudhani wote ni sawa.

Pa kusomea

Mtu mzima aliyeishia darasa la saba hajafungiwa mlango. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, ambayo ilipewa sheria yake mwaka 1975, huendesha masomo ya sekondari nje ya mfumo wa shule za kawaida. Anayefaulu Mtihani wa Maarifa, ambao kiwango chake ni cha kidato cha pili, huweza kuendelea hadi mtihani wa kidato cha nne akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanzishwa kuanzia 1975 kwa kuiga mfano wa Sweden, vinapokea watu wazima na vijana kwa mafunzo ya ufundi, kilimo na ujuzi mwingine. Katika mkoa wetu kipo cha Singida na kipo cha Msingi, Wilaya ya Mkalama. Na kwa mambo ya ushirika wenyewe kipo Chuo cha Ushirika Moshi kilichoanzishwa mwaka 1963, ambacho tangu 2014 ni Chuo Kikuu.

Vikwazo

Nisiwadanganye kuwa somo ni jepesi. Katika mitihani ya kidato cha nne ya 2021, 2022 na 2023, waliofaulu Hisabati hawakufika theluthi moja ya watahiniwa. Hao ni vijana waliokaa darasani kila siku. Mtu mzima anasoma usiku baada ya jembe.

Kikwazo cha kwanza ni lugha. Tulijifunza kujumlisha na kugawanya kwa Kiswahili. Sekondari hesabu zile zile zinakuja kwa Kiingereza. Wengi hushindwa swali, si kwa kutojua hesabu, bali kwa kutojua swali linataka nini. Dawa yake ni kuliandika swali upya kwa Kiswahili kabla ya kugusa tarakimu: nimepewa nini, natafuta nini, herufi hii ni badala ya nini.

Cha pili ni sehemu na namba hasi. Mtu aliyesahau kujumlisha nusu na theluthi ataona aljebra ni uchawi. Arudie kwanza sehemu, desimali na asilimia kwa wiki chache. Si aibu kurudi nyuma. Jengo huanzia msingi.

Cha tatu ni haraka. Kila jibu lirudishwe katika swali kulijaribu. Kama x ni 144,000, je, 40x inalingana kweli na gharama? Inalingana: pande zote ni 5,760,000. Tabia hii ya kuhakikisha ndiyo faida kubwa kuliko zote, maana ndiyo tabia inayotakiwa kwa katibu.

Linalotupasa

Waanzilishi wa ushirika wa Rochdale, Uingereza, walioanza mwaka 1844, walifikia kutenga asilimia 2.5 ya ziada yao kwa ajili ya elimu. Walikuwa watu maskini, lakini waliona kuwa duka la wasiojua halidumu.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, kila chama kitenge fungu la elimu katika makisio yake, hata liwe dogo. Pili, anayepelekwa masomoni asiwe katibu peke yake. Aende pamoja na mjumbe wa bodi na mwanachama wa kawaida, na mmoja wao awe mwanamke. Katibu akiwa yeye peke yake ndiye ajuaye, tumehamisha giza kutoka ofisini na kulipeleka kwa wanachama. Tatu, wanaorudi wakutane na wenzao mara moja kwa wiki, watatue pamoja hesabu moja iliyotoka katika vitabu vya chama chenyewe.

Mwanachama anayeweza kuhakiki hesabu za chama chake hana haja ya kumwogopa katibu wake, na katibu mwaminifu hana haja ya kumwogopa mwanachama huyo.