Vitabu Vyasema Nini Juu ya Jasho Letu?

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi, Nairobi)



Kamati ya elimu ilitutaka tuseme habari za vitabu. Wako waliocheka. Walisema, "Sisi twataka nyongeza ya mshahara, na ninyi mwatuletea hadithi." Neno hilo lina haki yake, maana kitabu hakichemshwi kikaliwa. Lakini twawaomba mvumilie kidogo. Mtu akitaka kujua anapewa thamani gani, na atazame jinsi anavyoandikwa. Asiyeandikwa hahesabiwi, na asiyehesabiwa halipwi. Tutalionyesha jambo hilo kwa reli yetu wenyewe.

Reli hii ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899, ikafika Ziwani 1901. Wafanyi kazi wapatao 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, na karibu 2,500 kati yao walikufa. Kitabu kinachojulikana sana juu ya kazi ile ni cha Bwana J. H. Patterson, aliyesimamia ujenzi wa daraja la Tsavo. Kilichapishwa 1907, na jina lake, The Man-Eaters of Tsavo, ni la simba wala watu. Simba wawili wanajulikana dunia nzima. Ngozi zao zilinunuliwa 1924 kwa dola 5,000, na mpaka leo wamesimamishwa katika jumba la makumbusho la Chicago. Hapa kwetu, katika makumbusho ya reli karibu na stesheni, liko behewa ambamo afisa wa polisi, Bwana Ryall, alinyakuliwa na simba pale Kima mwaka 1900. Jina lake twalijua. Je, majina ya waliotandika mataruma?

Patterson mwenyewe asema kwamba simba wale waliwaua makuli wa Kihindi 28. Kisha asema kwamba waliuawa pia Waafrika wengi, ambao hesabu yao haikuandikwa na serikali. Lisikilizeni hilo, ndugu. Mhindi alipewa hesabu bila jina, na Mwafrika hakupewa hata hesabu.

Kitabu kile kina jambo jingine, ambalo wasomaji wengi hulipita mbio kwa kuwatazama simba. Desemba 1898 wafanyi kazi walimwendea Patterson wakamwambia kwamba walitoka kwao kwa mapatano ya kufanya kazi ya serikali, si kuwa chakula cha simba. Kisha mamia yao wakajilaza juu ya reli mbele ya gari la moshi, likasimama, wakapanda, wakaenda zao. Kazi ikasimama yapata majuma matatu. Msimamizi aliandika kwamba ule ni woga. Sisi watu wa chama tukiusoma ukurasa ule twaona watu wametaja mapatano yao, wamesema hatari hii haimo, na wameweka zana chini kwa pamoja. Jambo hilo lina jina lake, na kila mmoja wenu hapa alijua.

Basi, fundisho la kwanza ni hili: hata kitabu cha msimamizi kina habari zetu ndani yake, lakini lazima tukisome kwa macho yetu wenyewe.

Sasa tuje mjini. Toka stesheni mpaka River Road ni mwendo wa dakika chache kwa miguu. Bwana Meja Mwangi aliiandika mitaa hiyo kwa Kiingereza. Katika Kill Me Quick, cha mwaka 1973, vijana wawili, Meja na Maina, watoka shule na vyeti mkononi, wafika mjini kutafuta kazi, na kazi hakuna. Mwisho wao ni vichochoro, mapipa ya taka, na jela. Katika Going Down River Road, cha mwaka 1976, twamwona Ben na rafiki yake Ocholla, vibarua wa kujenga jumba la ghorofa nyingi. Jumba linapanda kila mwezi, nao hawapandi nalo. Ocholla ana kibanda kando ya mto. Watu wa baraza la mji wakichoma, yeye ajenga tena. Kisha wake zake na watoto wafika kutoka bara, maana huko nako hakuna kitu. Mshahara ni uleule, midomo imeongezeka.

Wako wanaomlaumu mwandishi huyu. Wasema amejaza pombe na matusi, hakuonyesha njia ya kutoka. Sisi twaona lawama hiyo si ya haki yote. Mganga huanza kwa kutazama kidonda. Tena tuulizane: mtu aliyepakia saruji tangu asubuhi, akalipwa pesa isiyofika mwisho wa juma, ataisahau wapi siku yake? Mwandishi ameeleza sababu ya kilabu kujaa. Lakini twakubali kwamba kidonda peke yake hakitoshi, na mbele kidogo tutawataja waliotafuta dawa.

Kabla ya hapo tuseme habari ya wanawake. Wengi wetu tulizaliwa na akina mama walioletwa mjini na gari la moshi, daraja la tatu, na mzigo mapajani. Bibi Marjorie Oludhe Macgoye aliwaandika katika Coming to Birth, kilichotoka 1986. Paulina, msichana wa miaka 16, ashuka stesheni ya Nairobi mwaka 1956, siku za Hali ya Hatari, kumfuata mumewe Martin. Mimba yaharibika, apotea njia mjini, apigwa na mume. Lakini kitabu hakimwachi hapo. Miaka yapita, ajifunza kazi ya mikono, apata mshahara wake, asimama kwa miguu yake. Na nchi nayo yakua pamoja naye. Mwanamume akikisoma kitabu hicho ataona kwamba shida ya mhamiaji haikuwa ya mwenye kwenda kazini tu. Ilikuwa pia ya yule aliyebaki chumbani akihesabu maji na makaa.

Na leo je? Simama barabara ya Gitanga saa kumi na mbili asubuhi. Utawaona akina mama kutoka Kawangware wakienda Lavington kufua, kupika na kulea watoto wa wenzao, hali watoto wao wamewaacha na jirani. Fuata reli yetu pale Kibera, utawaona mamia wakitembea juu ya mataruma kwenda viwandani, kwa sababu nauli ya kwenda na kurudi ingekula chakula cha jioni. Wengine wamevuka bahari, wako Saudia na nchi za Ghuba katika majumba ya watu. Hao wote wana hadithi, na waandishi hawajawamaliza.

Sasa waliotafuta dawa. Mwaka 1960 Bwana Ousmane Sembène wa Senegal alitoa kitabu kwa Kifaransa, Les bouts de bois de Dieu, juu ya mgomo wa watu wa reli ya kutoka Dakar kwenda Niger. Mgomo ule ulikuwa wa kweli. Ulianza Oktoba 1947 ukaisha Machi 1948. Walitaka posho ya watoto, malipo ya uzeeni, na haki sawa na wenzao Wazungu. Katika kitabu, maji yakatwa, duka lakataa mkopo, njaa yaingia nyumbani. Ndipo wanawake wainuka, na watembea kwa miguu kutoka Thiès mpaka Dakar, kilomita 70 hivi. Waume walianza mgomo, lakini wake ndio walioubeba ukafika.

Tena mjue Sembène alikuwa nani. Aliacha shule mapema, akawa fundi wa kujenga, akawa askari wa vita, akawa kuli wa bandari huko Marseille na mwanachama wa chama cha wafanyi kazi. Hakuwa mtu wa vyuo vikubwa. Asiye na cheti asiseme kwamba kalamu si yake.

Kwa lugha yetu wenyewe tunacho Kuli, cha Bwana Shafi Adam Shafi wa Unguja, kilichochapishwa 1979. Rashidi, mtoto wa kuli, aingia kazi ya baba yake bandarini, na taratibu afumbuka macho, mpaka mgomo wa 1948. Kitabu hiki mfanyi kazi aweza kukisoma bila mkalimani. Twamsihi kila mwanachama akitafute.

Na karibu nasi, kwenye reli hii hii ikipanda magharibi kupita Dagoretti na Kikuyu, pako Limuru. Hapo Kamĩrĩĩthũ, mwaka 1977, Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ walitunga mchezo Ngaahika Ndeenda kwa Kikuyu, na walioucheza walikuwa wakulima na wafanyi kazi wenyewe. Waliusahihisha pia, kwa kuwa maneno ya kazi waliyajua wao. Majuma machache baadaye ruhusa ikaondolewa, na Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini tangu Desemba 31, 1977 mpaka Desemba 1978. Mwaka 1982 uwanja ule wa mchezo ukabomolewa. Anayesema hadithi hazina nguvu na atujibu: kwa nini waliziogopa namna hiyo?

Ndugu, tumefika mwisho, na tuna maombi matatu.

Kwanza, tusome. Maktaba ya McMillan hapa mjini ilifunguliwa 1931, na kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kuingia. Leo mlango u wazi. Ni aibu mlango uliofungiwa baba zetu ufunguliwe, nasi tuupite bila kugeuza shingo.

Pili, tusomeane. Wako wenzetu katika magenge ya njia ambao macho yamechoka au shule hawakuiona. Saa ya chakula mmoja asome kwa sauti, wengine wasikilize na kubishana.

Tatu, tuandike. Makhan Singh, ambaye baba yake alikuja kufanya kazi ya reli, aliongoza chama cha wafanyi kazi hapa Nairobi tangu 1935. Mwaka 1950 alikamatwa, akazuiliwa mpaka 1961. Alipotoka aliandika historia ya vyama vya wafanyi kazi wa Kenya, ikachapishwa 1969. Aliweza kwa sababu alihifadhi karatasi, kila tangazo na kila barua, na karatasi hizo zimewekwa Chuo Kikuu cha Nairobi. Nasi je? Reli ilipokodishwa kampuni 2006, wenzetu wengi waliachishwa kazi. Mwaka 2017 reli mpya ikafunguliwa. Hesabu ya makasha na ya abiria imeandikwa. Nani ameandika habari za waliorudi nyumbani na masanduku yao?

Kwa hiyo karani wa tawi ameweka daftari mezani pale mlangoni. Kila mtu aandike jina lake, kazi yake, mwaka alioanza, na jambo moja aliloliona kazini. Anayeshindwa kuandika, aseme, ataandikiwa. Patterson alikosa hesabu ya watu wetu. Daftari hili lisikose jina la mtu hata mmoja.