Nta Si Takataka



Watu wa Kitui, Tharaka na Baringo hawana haja ya kufundishwa nami namna ya kutundika mzinga mtini. Kazi hiyo waliirithi kwa babu zao. Lakini liko jambo moja ambalo wengi hulipita, nalo ni nta. Asali ikisha kukamuliwa, au kuingia katika pombe, masega hutupwa jaani. Hiyo ni hasara kubwa kuliko adhaniavyo mwenye mzinga, kwani nyuki wameilipia nta hiyo kwa asali. Nyuki vibarua walio vijana huitoa tumboni kama vigamba vyembamba, na ili kupata kilo moja yawapasa kula kilo sita za asali au zaidi. Tena nta haiozi. Mwenye nayo aweza kuiweka hata apate mnunuzi, au aifanye mishumaa.

Basi mwanzo wa mshumaa mzuri ni mavuno mazuri. Vuneni jioni, kwa moshi wa kadiri, mkichukua masega ya asali iliyokwisha kufunikwa. Masega ya watoto yaacheni: nta yake ni haba na chafu, na nyuki walionyang'anywa kila kitu huhama. Mzinga wa vijiti vya juu, uliobuniwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1970, hurahisisha kazi hii, kwa kuwa kila sega huinuliwa peke yake.

Yaosheni masega kwa maji ya vuguvugu. (Maji hayo matamu yana kazi yake, wala wazee hawangoji niwaambie.) Yatieni katika mfuko wa gunia safi, na mfuko katika sufuria ya maji, maji ya mvua ni bora. Chungu cha chuma kisitumike, huifanya nta kuwa nyeusi. Pasheni moto polepole, maana nta huyeyuka kwa nyuzi 64 hivi za sentigredi, na maji yakitokota huharibika. Kandamizeni mfuko kwa kijiti, kisha acheni mpaka kesho yake. Nta itaganda juu kama mkate. Uchafu wa chini yake ukwangueni kwa kisu.

Sasa mshumaa. Iyeyusheni nta katika kopo refu lililosimama ndani ya sufuria ya maji ya moto. Kopo lisiwekwe kamwe juu ya moto wenyewe: nta huwaka kama mafuta, na ikiwaka, ifunikeni, msiimwagie maji. Sukeni utambi wa uzi wa pamba, uchovyeni, kisha unyosheni upoe. Mchovye na kutoa, mchovye na kutoa, mara 20 au 30, mkingoja kila tabaka ligande. Hapa ndipo wanafunzi wengi hushindwa kwa haraka. Nta ikiwa ya moto mno, tabaka la kwanza huyeyuka na kurudi koponi. Ikiwa baridi, mshumaa huota manundu. Ungali na joto, uviringisheni juu ya ubao uliolowa.

Uwasheni mmoja kabla ya kutengeneza mingine. Mwali ukitoa moshi, utambi ni mnene mno. Ukizama katika nta, ni mwembamba.

Mishumaa ikikaa majuma kadhaa huota weupe kama ukungu, na wanunuzi hudhani imeoza. Ni nta yenyewe, nayo huondoka ikisuguliwa kwa kitambaa laini.