Magadi na Doa la Mafuta

Asubuhi hii twataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo pengine hamkutazamia kulisikia katika kipindi hiki, nalo ni madoa ya mafuta ya gari juu ya saruji. Yamejaa katika nyua za makanisa yetu. Jumapili magari huegeshwa, injini moja yavuja matone mawili matatu, na kabla ya mwaka kwisha mahali pale pamekuwa peusi. Mvua ikinyesha, hapo ndipo mama mzee mwenye bakora huteleza. Basi si jambo la urembo tu.

Yafaa tufahamu kwanza saruji ilivyo. Ingawa ni ngumu kama jiwe, ina vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, navyo hunywa mafuta kama utambi wa taa. Kwa sababu hiyo tone la leo ni jepesi kuondoa, lakini la mwezi uliopita ni kazi. Wengi wetu tukiona mafuta yamemwagika hukimbilia ndoo ya maji, nayo maji huyatandaza tu. Mwageni unga wa mbao kutoka kwa seremala, au majivu makavu, au mchanga mkavu. Ukanyageni kwa kiatu kikuukuu, uacheni mpaka kesho, kisha fagieni.

Wako wanaosafisha kwa petroli. Ndugu zetu, twawasihi msifanye hivyo. Petroli huyafanya mafuta kuwa mepesi yakazidi kuzama, na mvuke wake hutambaa chini kwa chini hata ukutane na moto. Hatujasahau mtaa wa Sinai, Nairobi, mwezi wa Septemba 2011, petroli iliyovuja katika bomba ilipofuata mtaro ikawaka, na watu wapata 100 wakafa. Ile ilikuwa petroli nyingi, lakini hata kikombe kimoja karibu na jiko chatosha kumwunguza mtoto. Asidi nayo hula saruji yenyewe na kuyaacha mafuta.

Kwa doa kuukuu, msaada tunao hapa kwetu. Ni magadi, yale yatokayo Ziwa Magadi, ambayo akina mama hulainishia maharagwe na mboga. Ni kitu cha kufulia tangu zamani sana. Nabii Yeremia ayataja pamoja na sabuni katika sura ya 2. Pondeni mabonge yake, yeyusheni kikombe kimoja katika lita 5 za maji ya moto, chujeni kwa kitambaa, mkatie sabuni ya unga. Sabuni isikosekane. Mafuta ya kupikia huweza kugeuka sabuni yakikutana na magadi, lakini mafuta ya injini hayageuki kamwe. Hayana budi kushikwa na sabuni ndipo yabanduke. Vaeni glavu, na mlinde macho, maana magadi makali huchoma. Sugueni kwa brashi ya nyuzi ngumu, si ya waya, kwa kuwa vipande vya waya hubaki vikafanya kutu. Nasi twaona ni heri mwenye gari mwenyewe aishike brashi hiyo, asimwachie mtunza kanisa.

Siku hizi wengine hufundishana kuyachanganya magadi na siki. Povu lile hupendeza macho, lakini vitu hivyo viwili huuana nguvu. Mithali sura ya 25 yalijua jambo hilo: yamfananisha mtu anayemwimbia mwenye huzuni na siki iliyotiwa juu ya magadi.

Doa likikataa, fanyeni kama mnavyobandika dawa juu ya jipu. Changanyeni maji yale ya magadi na chaki iliyosagwa, au majivu meupe yaliyochungwa, mpaka yawe kama uji mzito. Pakeni unene wa nusu inchi, funikeni kwa karatasi ya plastiki, acheni saa 24. Kisha funueni ikauke. Ikikauka huyavuta mafuta juu kutoka katika vile vitundu. Kwangueni, mrudie mara mbili au tatu. Kivuli chaweza kubaki, lakini utelezi umekwisha.

Sasa tuulize, mafuta yale yamekwenda wapi? Hapa ndipo wengi hukosea. Husugua vizuri, halafu hulisukumia povu lote mtaroni. Mtaro wa mvua hauendi mahali pa kusafishia maji, huenda mtoni. Mto wa Nairobi huingia Athi, nao Athi huitwa Galana, kisha Sabaki, mpaka baharini karibu na Malindi. Njiani humo wamo watu wanaochota, wanaonywesha ng'ombe na kumwagilia sukuma wiki. Doa tuliloliondoa mlangoni petu hatukuliondoa, tumewapelekea wao.

Kwa hiyo, zungusheni unga wa mbao kando ya doa kabla ya kusugua, uyazuie maji machafu, na mengine myanyweshe kwa unga huo huo. Zoeni yote kwa sepeto, tieni katika debe lenye kifuniko, mbali na jiko. Msiyachome, wala msiyazike shambani. Debe likijaa, tafuteni gereji inayokusanya mafuta machafu na kuyatoa kwa wanaoyasafisha, mkawape.