Mchango wa Tajiri Tuupime kwa Gorogoro Gani?

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama, Kakamega)



Twajua wengine wenu mmetoka zamu ya usiku na hamjalala. Jambo lililotuleta ni moja. Tawi letu linataka kufanya harambee ya karo kwa watoto wa wenzetu waliofariki. Kamati imeulizwa: je, tumwalike tajiri awe mgeni wa heshima? Wengine mwasema ndiyo, kwani mkono mtupu haulambwi. Wengine mwasema hapana. Kabla ya kupiga kura, yatupasa kufikiri pamoja: ukarimu wa matajiri una uzito gani hasa?

Wazee walisema kutoa ni moyo, si utajiri. Kila mmoja wetu anayenunua mahindi sokoni anaijua gorogoro iliyobonyezwa chini. Juu imejaa, lakini ukifika nyumbani chakula hakitoshi. Mchango nao una gorogoro yake, nasi tutaupima mara tatu.

Kwanza, tuulize kilichobaki. Tuseme tajiri anapata Shs. 2,000,000/- kwa mwezi, naye anatoa Shs. 20,000/-. Makofi na vigelegele! Mfagiaji anayepata Shs. 15,000/- anatoa Shs. 300/-, na jina lake linasomwa mbio mbio. Fanyeni hesabu. Tajiri ametoa fungu 1 katika 100, mfagiaji fungu 1 katika 50. Mfagiaji amemzidi tajiri mara mbili. Tena tajiri amebakiwa na Shs. 1,980,000/-, na mfagiaji amebakiwa na Shs. 14,700/-, na kodi ya nyumba inamngoja. Wakristo wanaijua habari ya mjane na sarafu zake mbili. Ndugu zetu Waislamu wa Mumias nao wanajua kwamba zaka ya fedha hupimwa kwa mali aliyo nayo mtu, fungu 1 katika 40, nayo ni haki ya maskini, si hisani ya mwenye mali.

Pili, tuulize fedha zimetoka mfuko gani. Kampuni ikilipa Shs. 1,000,000/- kwa shirika la hisani linalokubaliwa na sheria ya kodi, fedha hizo huondolewa katika faida kabla ya kodi kuhesabiwa. Kodi ya kampuni ni 30 kwa mia. Basi Shs. 300,000/- zingaliingia Hazina ya Serikali, zikanunua dawa na kutengeneza barabara. Kampuni imetoa Shs. 700,000/- za kwake, na bango limeandikwa milioni moja. Hatusemi huo ni wizi, kwani sheria imeruhusu. Twasema tu kwamba katika mchango ule na sisi tumo, wala jina letu halikusomwa.

Kuna jambo zito zaidi. Baadhi yetu tuliwahi kufanya kazi mahali ambapo mshahara ulichelewa miezi mitatu, na makato ya NSSF yaliandikwa katika karatasi ya mshahara lakini hayakufika NSSF. Mwezi wa nne tajiri yule yule alileta mabati shuleni. Watoto waliimba. Wa kwetu hawakuimba, kwa sababu walikuwa wamerudishwa nyumbani kwa kukosa karo. Mabati yalikuwa mazuri, hatukatai. Lakini yalikuwa jasho letu lililobadilishwa jina.

Mambo haya hayakuanzia hapa. Huko Marekani, mwaka 1892, wafanyakazi wa kiwanda cha chuma cha Andrew Carnegie mjini Homestead walikataa kupunguziwa malipo. Walifungiwa nje, watu wakapigwa risasi wakafa, na chama chao kikavunjwa. Mwaka 1898 Carnegie akawafungulia maktaba kubwa katika mji ule ule. Lakini mtu aliyefanya kazi saa 12 kwa siku angesoma saa ngapi?

Fedha za Carnegie zilifika hata kwetu, maana zilisaidia kujenga Maktaba ya McMillan, Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1931. Ilikuwa ya Wazungu peke yao mpaka mwishoni mwa miaka ya 1950. Mwafrika aliweza kufagia ngazi zake, asiweze kuketi humo kusoma. Leo mlango uko wazi kwa wote, na vitabu vyake vina faida. Hapa ndipo tunapopata kipimo cha tatu: ufunguo anao nani?

Tazameni mfano mwema wa hapa Kakamega. Mzee Kenyatta aliifanya harambee kuwa mwito wa taifa mwaka 1963. Mwaka 1972 Chuo cha WECO kilianzishwa kwa harambee ya watu wa Mkoa wa Magharibi. Leo ndicho Chuo Kikuu cha Masinde Muliro. Ufunguo wake haumo mfukoni mwa tajiri mmoja.

Lakini baadaye harambee iligeuka jukwaa la wakubwa. Shirika la Transparency International tawi la Kenya lilipochunguza, lilikuta kwamba michango ya wanasiasa ilipanda uchaguzi ulipokaribia. Mbegu ya namna hiyo hupandwa ili kuvuna kura. Mwaka 2003 Bunge lilipitisha sheria ya maadili inayowabana watumishi wa umma katika harambee, na Julai 2024 Rais Ruto alitangaza kwamba maofisa wa Serikali wasishiriki tena. Kama moyo ungekuwa safi, amri ingehitajika?

Ndugu zetu, hatupendi kumwonea mtu. Wako matajiri wanaolipa mishahara kwa wakati, kisha wanatoa kimya kimya, na hao twawaheshimu. Pia mtoto aliyefukuzwa shuleni hashibi hesabu zetu. Anataka karo. Kwa hiyo hatusemi tukatae fedha. Twaleta mapendekezo manne, nanyi mtayapigia kura:

1. Tajiri aalikwe kama mtu yeyote, na majina yote yasomwe kwa mpango mmoja, bila kutaja kiasi.

2. Mwajiri anayedaiwa mishahara au makato ya NSSF alipe kwanza. Akishalipa, mchango wake utapokelewa kwa mikono miwili.

3. Fedha zote ziwekwe benki chini ya kamati yenye wajane ndani yake, na hesabu zibandikwe ukutani kila mwezi.

4. Mchango wowote usifunge mdomo wa chama. Tukipokea mchana, jioni tuwe huru kudai.

Labda mtasema, kwa masharti haya tajiri hatakuja. Huenda. Basi tutakuwa tumejua alichokuwa akikinunua. Akija, tutampa mkono na kumshukuru kwa dhati, maana atakuwa ametoa. Lakini kumbukeni, mtu aliye na deni lako akikupa zawadi, bado deni liko.

Mwenyekiti atawaita sasa kupiga kura. Inueni mikono bila hofu.

Umoja ni nguvu!