Rebmann wa Rabai

Injili ya Mathayo inamalizika kwa Yesu kuwatuma wafuasi wake kwa mataifa yote, wakapate wanafunzi. Idadi haikutajwa.

Mjerumani Johannes Rebmann alifika Mombasa mwaka 1846, akaungana na Ludwig Krapf huko Rabai. Wengi humkumbuka kwa theluji ya Kilimanjaro aliyoiona mwaka 1848, ambayo bingwa mmoja wa jiografia mjini London, asiyefika huko kamwe, aliikanusha. Lakini hakuja kutafuta milima. Miaka 29 alihubiri, akafundisha, akatunga kamusi. Waliobatizwa walikuwa wachache mno. Je, alishindwa? Alipoondoka mwaka 1875, karibu kipofu, aliyemsindikiza hadi Ulaya alikuwa Isaac Nyondo, mwana wa mmoja wa wachache hao.